Kura ya maoni ikigawa nchi: mpiga kura anaisoma rasimu au anamwangalia anayemuomba?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro: "Shikamoo mwalimu. Huku kwetu kila baada ya miaka miwili mitatu tunasikia katiba mpya, katiba mpya. Ikifika siku ya kura ya maoni, mtu wa kawaida anaamuaje, anasoma kweli? Na hawa wanasiasa mbona leo yuko ndiyo kesho yuko hapana, huwa wanaangalia nini?"

Marahaba mwanangu. Nitakujibu kwa Kenya, kwanza ndiko kwetu na kazi yangu ni kusomesha siasa za uchaguzi, pili manake Wakenya wamepigia kura jambo lile lile mara mbili, katiba mpya, 2005 wakaikataa na 2010 wakaikubali, na katikati hapo ni miaka mitano tu na wanasiasa ni wale wale kwa majina. Kwa swali lako sidhani utapata mfano mzuri kuliko huo.

Jibu la haraka ni kwamba wengi hawasomi, lakini usiwachukulie kuwa wanaamua kijinga. Mtu anajiuliza vitu viwili, nani ananiomba kura hii, na anaitakia nini. Mwanasiasa naye hajiulizi karatasi inasema nini, anajiuliza uchaguzi ujao atakuwa wapi. Sasa ngoja nikuoneshe inavyokuwa.

Kibaki aliingia Ikulu Disemba 2002 kwa muungano wa vyama ulioitwa NARC, Raila Odinga ndiye aliyesimama akasema Kibaki Tosha, yaani Kibaki anatosha, na wananchi wakaahidiwa katiba mpya ndani ya siku 100. Chini ya meza kulikuwa na makubaliano ya kugawana vyeo, na kambi ya Raila ikasema imeahidiwa pia kiti cha waziri mkuu. Siku 100 zikapita, makubaliano yakawekwa pembeni, watu wakaanza kununiana ndani ya baraza moja la mawaziri. Wajumbe wa mkutano wa katiba waliokaa ukumbi wa Bomas of Kenya, Nairobi, wakatoa rasimu Machi 2004 yenye waziri mkuu mwenye nguvu na rais aliyepunguzwa, mawaziri wa upande wa Kibaki wakatoka nje ya ukumbi, halafu 2005 wabunge wakakutana Kilifi wakaigeuza, Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaitengeneza upya na rais akarudishiwa nguvu zake. Hiyo ndiyo wananchi walipelekewa tarehe 21 Novemba 2005, na ndio maana mpaka leo inaitwa rasimu ya Wako.

Tume ya uchaguzi ikatoa alama mbili, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana, lengo likiwa zuri tu, asiyejua kusoma asipotee. Lakini alama ikishatoka mambo yanageuka, hukuulizwa tena unaionaje sura ya ardhi au ya ugatuzi, uliulizwa we ni ndizi au chungwa, na ukishajibu mtu alishajua uko na Kibaki au uko na Raila, wakati mwingine alishajua hata kabila lako, au alidhani amelijua.

Serikali ilitumia kila ilichonacho. Kuna hati za ardhi zilizogawiwa, na Septemba 2005, ikiwa imebaki chini ya miezi miwili kura ipigwe, serikali ikatangaza kwamba Amboseli si hifadhi ya taifa tena bali inarudishwa chini ya halmashauri ya wilaya, yaani mapato ya watalii yaende kwa Wamaasai wenyewe. Hebu fikiria ukubwa wa zawadi hiyo! Na bado Bonde la Ufa likasema hapana. Nchi nzima hapana ikapata kama 58%, mkoa wa Kati ambako Kibaki anatoka ukasema ndiyo kwa zaidi ya 90%, Nyanza, ngome ya Raila, ikasema hapana kwa wingi mkubwa upande wa pili. Siku mbili baadaye, tarehe 23, Kibaki akavunja baraza zima la mawaziri, na lilipoundwa upya waliompinga hawakuwemo. Wale wa chungwa wakachukua chungwa lao wakalifanya chama, ndio ODM hiyo.

Sasa mtu atakuambia 2005 watu waliikataa katiba kwa sababu rais alipewa madaraka makubwa. Wapo waliofikiri hivyo, sikatai, hasa wale waliofuatilia Bomas tangu mwanzo. Lakini subiri tufike 2010 uone.

Baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 wamekufa na mamia ya maelfu wamekimbia makwao, Kofi Annan akawakalisha chini Kibaki na Raila, Februari 2008 wakasaini mkataba, ikaja ile tuliyoiita serikali ya nusu mkate, Kibaki rais na Raila waziri mkuu, na katiba mpya ilikuwa kwenye orodha ya yale waliyokubaliana kuyafanya. Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ikaandika rasimu yenye rais na waziri mkuu. Januari 2010 wabunge wakajifungia Naivasha, wakatoka na mfumo wa rais mtendaji na cheo cha waziri mkuu wakakifuta kabisa. Kabisa! Cheo kile kile kilichowagombanisha 2005 hakimo tena. Na Nyanza, iliyosema hapana 2005 kwa sababu, tuliambiwa, waziri mkuu amenyang'anywa meno, ikasema ndiyo tarehe 4 Agosti 2010 kwa wingi wa kutisha. Kwa nini? Kwa sababu safari hii Raila alikuwa anasema ndiyo.

Ili nisiwaonee watu wa Nyanza niseme pia kwamba rasimu ya 2010 ilikuwa na vitu ambavyo ile ya Wako haikuwa navyo, kuna kaunti 47 zenye magavana na pesa zao, kuna seneti, rais amewekewa breki za bunge na mahakama, kwa hiyo mtu angeweza kabisa kuisoma akaipenda. Pwani pia ilikataa 2005 ikakubali 2010, na ukiuliza watu wa Pwani watakutajia ugatuzi na ardhi kabla hawajataja jina la mtu. Ninachosema ni kwamba kura za mamilioni hazihami upande mmoja kwenda wa pili ndani ya miaka mitano kwa sababu watu wamelinganisha ibara kwa ibara. Zinahama kwa sababu anayeomba amebadilika na mazingira ya kuomba yamebadilika.

Na hilo sio la kumcheka mpiga kura. Ile ya 2010 ina ibara 264. Mama anayeuza mboga soko la Kongowea, Mombasa, ana saa ngapi kwa siku za kusoma ibara 264 halafu apime kila moja? Anachofanya ni kutafuta mtu anayemwamini ambaye ana muda, na kuangalia mtu asiyemwamini amesimama wapi, halafu anaamua. Hii ya pili watu huisahau. Kwenye kura za maoni kura nyingi si za kumfuata mtu, ni za kumkimbia mtu. 2005 nchi ilikuwa imeshamchoka Kibaki wa siku 100, bei ziko juu, kashfa ya Anglo Leasing, ile ya mikataba hewa ya serikali, iko magazetini, na serikali ikaja kuuliza swali lenye majibu mawili tu. Ukimuuliza mtu aliyekasirika swali la ndiyo au hapana atakujibu lile lililoko moyoni mwake, siyo lile ulilouliza.

Hapana pia ina faida yake ya asili, hii nawaambia wanafunzi kila mwaka. Wa ndiyo anatakiwa aitetee rasimu yote, ibara zote 264, wa hapana anahitaji moja tu ya kumtisha mtu. Mkulima anaweza kuzipenda zote akasikia kuna ibara ya 68 inayolitaka bunge litunge sheria ya ukubwa wa mwisho na wa chini wa shamba la mtu binafsi, basi, kwisha habari, manake shamba ndilo alilonalo. Bonde la Ufa hilo lilisemwa sana, kwamba mkipitisha hii ardhi yenu itakatwa. Ndiyo ikajibu ni sheria itakayotungwa baadaye na bunge, tena kwa ajili ya ardhi isikatwekatwe vipande visivyolimika, lakini jibu refu halishindi hofu fupi.

Hapa sasa nikuambie ni wapi watu husoma kweli kweli. Wanasoma pale panapowagusa. Mwaka 2010 nilikuwa naingia kinyozi kimoja Majengo, Mombasa, pale pana nakala ya rasimu inazungushwa kwa wateja, zile za bure zilizokuwa zikigawiwa. Nikaichukua siku moja nasubiri zamu yangu, kitabu chote kipya, kurasa hazijafunguliwa hata, isipokuwa ukurasa wa ibara ya 170 umechafuka kwa vidole mpaka unajifungua wenyewe. Ni ibara ya Mahakama ya Kadhi. Mzee aliyekuwa kando yangu hajui seneti itakuwa na watu wangapi, ila 170 alikuwa ameimeza, ndoa, talaka, mirathi, hali binafsi ya mtu, na lazima pande zote ziwe Waislamu na ziwe zimekubali kwenda kwa kadhi, alinisomea bila kuangalia. Ningekuwa nawasaidia kambi ya hapana nisingethubutu kubishana na yule mzee.

Manake makanisa upande wa pili nao walikuwa na ibara zao mbili, hiyo ya kadhi na ya 26 ya haki ya kuishi, ambayo inasema uhai unaanza mimba inapotungwa halafu ikaruhusu mimba kutolewa ikiwa mtaalamu wa afya ataona kuna dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini. NCCK, yaani baraza la makanisa ya Kenya, Wakatoliki, wainjilisti, karibu viongozi wote wakubwa wa makanisa walisema hapana. Kadhi walikuwemo kwenye katiba tangu 1963, ni sehemu ya yale yaliyokubaliwa na Sultani wa Zanzibar wakati ukanda wa maili kumi wa Pwani unaingizwa Kenya, lakini mhubiri akisimama Jumapili akasema wanaingiza sheria ya Kiislamu nani ataanza kufungua historia pale.

Sasa hesabu. Kenya Wakristo ni wengi, makanisa yamesema hapana, rais mstaafu Moi amesema hapana, na bado ndiyo ikapata kama theluthi mbili, watu 72% ya walioandikishwa wakajitokeza wakati 2005 ilikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Mkoa pekee uliokataa ulikuwa Bonde la Ufa. Hapa ndipo ile hadithi ya kwamba watu wanamfuata kiongozi kama kondoo inapokwama, manake mamilioni walikaa kanisani Jumapili wakamsikiliza padri wao mpaka mwisho, wakaitikia amina, halafu Jumatano wakaenda kupiga ndiyo. Mtu ana viongozi wengi kwa wakati mmoja, wa dini, wa kabila, wa chama, wa nyumbani kwake, na wakimvuta pande tofauti inabidi achague wa kumsikiliza kwa jambo hili. Wengi walikuwa na 2007 kichwani, wameona mabasi yamejaa watu wenye magodoro, na walichotaka ni hii kitu iishe. Padri hakuwa na jibu la hilo.

Kuna kisa kingine cha mwaka ule nakipenda. Mei 2010 ikagundulika kwamba nakala zilizochapwa kwa mpiga chapa wa serikali zimeongezwa maneno ambayo bunge halikuyapitisha, usalama wa taifa, kwenye ibara ya 24 inayosema haki zinaweza kuwekewa mipaka kwa misingi gani. Maneno mawili matatu tu lakini yangeipa serikali mlango wa kuminya haki za watu. Nakala zikarudishwa, polisi wakaanza kuulizana nani kafanya. Ukiona wapiga kura wanauliza anayeniomba ananitakia nini, wana sababu.

Haya, wanasiasa. Hapa nitawataja mmoja mmoja kwa 2010 manake ndipo utaona hesabu zao vizuri.

Kibaki alikuwa muhula wa mwisho, hana uchaguzi mbele, anachotafuta ni jina lake kwenye historia, kwa hiyo ndiyo haimgharimu. Raila anaangalia 2012, wakati huo ndio mwaka tuliotegemea uchaguzi, na anataka aonekane mtu aliyeleta katiba, akameza hata kufutwa kwa cheo chake mwenyewe cha waziri mkuu manake alikuwa anajiona rais. Uhuru alikuwa hapana 2005, ndani ya chungwa pamoja na Raila, 2010 akawa ndiyo, hapo usitafute falsafa, ngome yake ni mkoa wa Kati na mkoa wa Kati uko na Kibaki, angesimama wapi kwingine?

Ruto ndiye mwalimu wa somo hili. 2005 alikuwa chungwa na Raila. 2010 alikuwa waziri wa serikali ile ile inayosema ndiyo, na akaongoza hapana. Wengi walisema anajiua kisiasa kwa sababu kila mtu aliona ndiyo itashinda. Lakini angalia alichokuwa nacho. Mwaka 2009 Raila alisimamia watu kuondolewa msitu wa Mau na Wakalenjin wamekasirika, ardhi ndiyo habari ya mjini huko kwao, na swali la nani msemaji wa Bonde la Ufa halijajibiwa. Akisema ndiyo anakuwa wa tano kwenye jukwaa la Raila na Kibaki. Akisema hapana akashindwa akiwa na theluthi moja ya kura, ile theluthi ni yake, ina jina lake, anaweza kukaa nayo mezani na mtu yeyote. Kwenye kura ya maoni mwanasiasa anaweza kushindwa akatoka na faida, mwanangu, ukishalielewa hili hutashangaa tena. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye tiketi moja na Uhuru, na Septemba 2022 akala kiapo cha urais chini ya katiba hiyo hiyo.

Halafu Kalonzo Musyoka, makamu wa rais wakati huo. 2010 alama zilikuwa rangi, kijani ndiyo na nyekundu hapana, na watu wakawabandika wanasiasa wanaoyumba jina la tikiti maji, nje kijani ndani nyekundu. Yeye ndiye aliyebandikwa zaidi. Watu walicheka, ila ukikaa kwenye kiti chake unamwelewa, yeye ni mtu wa serikali ya Kibaki, Ukambani kwao makanisa yana nguvu, na kura za Ruto alikuwa anazihitaji kwa safari yake ya urais. Alifanya kampeni ya ndiyo, lakini taratibu sana. Tikiti maji sio mtu asiye na msimamo, ni mtu ambaye wapiga kura anaowahitaji wako pande zote mbili, akichagua upande anapoteza nusu.

Wala sio Afrika tu. Boris Johnson kabla ya kura ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, ile ya Juni 2016, aliandika makala mbili kwa ajili ya gazeti, moja ya kutoka na moja ya kubaki, akaipeleka ya kutoka. Ya pili ilikuja kuchapishwa baadaye. Watu walishtuka, mi sikushtuka hata kidogo, wanasiasa wote wana makala mbili, tofauti ni kwamba yeye aliziandika.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anamfuata mwenzake, wapiga kura au viongozi, jibu ni kwamba kiongozi anaongoza pale ambapo watu hawana msimamo bado. Kuhusu idadi ya maseneta atawapeleka popote. Kuhusu shamba, dini na kabila lililowafukuza, yeye ndiye anayefuata, anakimbia akae mbele ili ionekane anaongoza.

Hata viongozi wakikubaliana wote hawabebi watu wote. Mtazame jirani yako Zanzibar, Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikaa wakaridhiana, tarehe 31 Julai 2010, siku nne tu kabla ya Kenya, wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Wakubwa wa vyama vyote viwili walisema ndiyo. Ndiyo ikapata 66.4%. Yaani mmoja kati ya watatu aliwasikia wakubwa wa pande zote mbili wakisema kitu kimoja na bado akasema mimi sitaki.

Kwenu Bara na Visiwani sasa. Katiba Inayopendekezwa ilipita Bunge Maalum Oktoba 2014 huku UKAWA, umoja wa wapinzani, wakiwa wameshatoka nje kwa sababu serikali tatu za rasimu ya Jaji Warioba zilikuwa zinaachwa, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole, BVR, haukukamilika, ikaahirishwa na haijapigwa mpaka leo. Ikirudi, hiyo au nyingine, usianze na kurasa. Anza na sheria ya ushindi. Kwa utaratibu ule ulitakiwa upate zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake, kwa hiyo Wazanzibari wachache kuliko watu wa mkoa wako mmoja wanaweza kuizuia nchi nzima, na mwanasiasa mwenye akili atakayetaka ife hatahangaika kuja Morogoro kukushawishi, atapanda boti. Kenya 2010 walitakiwa zaidi ya nusu ya kura zote na angalau 25% kwenye mikoa mitano kati ya minane, ndio maana hapana ya Bonde la Ufa peke yake haikuweza kuzuia kitu hata ingefika 90%.

Kisha angalia kura imewekwa karibu kiasi gani na uchaguzi mkuu, ikiwa karibu jua kila anayesimama jukwaani anagombea kitu kingine. Angalia alama watakazotoa. Na ukipata nakala ya bure, kama huna muda wa yote, fungua ya ardhi, ya haki, na ya muungano, soma hizo tatu mwenyewe kwa macho yako kabla ya mtu yeyote hajakuelezea zinasema nini, zile nyingine unaweza kumuuliza mtu unayemwamini, sio dhambi.